Televisheni ya Mtu Mmoja

Kiponda, Unguja
11 Novemba 2007

Mwanangu Zahran,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa masikio, nayo ushayazoea. Juzi Sichana, jirani yangu wa chini, kanibandika simu yake sikioni, eti "Zungumza na Zahran wako." Nikasikia vuuu, nikamrejeshea. Tuandikiane tu. Karatasi hainilazimishi kusema "eeh?" mara tatu.

Basma kaolewa, yule aliyekuwa akija kusukwa nywele hapa kwangu. Sasa anakaa Mwanakwerekwe. Nyumba ya mkabala wamehama wote, imegeuzwa hoteli. Wageni wanapiga picha mlango wangu asubuhi na jioni, na mmoja kanipiga na mimi, nimevaa kanga ya jikoni na vitunguu mkononi, sijui nimepelekwa nchi gani. Siku ya Idi nilipika tambi sufuria nzima kwa mazoea. Nimezila siku tatu, peke yangu, na ya tatu zilikuwa zishaanza kuchacha. Tena juzi nimetia chumvi kwenye chai nikidhani sukari. Uzee hauna adabu.

Sasa linalonisumbua. Televisheni ya marehemu mume wangu, Ami yako, inakata roho. Picha imejaa ukungu, nguo nyeupe zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kila taa wanayoionyesha ina duara. (Taa ya msikitini siku hizi nayo ina duara, nadhani wameweka za aina mpya.) Wenzangu wakiharibikiwa na picha wanasikiliza sauti. Mimi picha ikiondoka sina kitu, Zahran. Hiyo ndiyo inayoniletea watu humu ndani. Wewe unauza televisheni tangu uende huko Maskati, basi nishauri shangazi yako: ninunue ipi?

Na utakuja lini? Mwezi ujao Ami yako anatimiza miaka minne, na kaburi lake hujaliona.

Shangazi yako,
Lamya


Ruwi, Maskati
18 Desemba 2007

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako kaniletea Abdulla, yule wa mizigo, nikaisoma nimesimama baina ya mafriji. Vitunguu vimenichekesha mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Mimi mzima. Idi Kubwa ni keshokutwa, duka limefurika, na siku yenyewe nitakula kwa tajiri wangu pamoja na Wahindi wa stoo.

Tuje kwenye televisheni, maana hapo umenigusa penyewe. Hiyo yako ya chogo ina tyubu, chupa kubwa ya kioo yenye bunduki ya umeme kisogoni, ndiyo inayopiga picha mbele. Ami aliinunua mwaka 1989. Bunduki imechoka. Ukungu, rangi kugeuka chai, duara kwenye taa, hizo zote ni dalili za tyubu, ningezitambua hata nikifumba macho.

Siku hizi ziko za namna mbili, zote bapa, za kutundika ukutani. Kuna plazma. Ndani yake mna vijishimo vya gesi, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja ni taa yake mwenyewe. Weusi wake ni weusi wa kweli, na mpira unakwenda bila kuacha alama. Lakini inakula umeme, inapasha chumba moto, na ile nembo ya kituo ikikaa pembeni muda mrefu inajichora pale pale isifutike tena. Halafu kuna LCD. Hiyo ina taa nyuma, na mbele ya taa kuna utandu wa maji mazito unaojifungua na kujifunga kama pazia. Inang'ara hata dirisha likiwa wazi na umeme wake mdogo. Ila weusi wake ni kama jivu, na zile za bei rahisi mpira ukipigwa kwa nguvu unaota mkia.

Na muuzaji usimwamini, hata mimi. Dukani tunapandisha mwangaza mpaka mwisho, mteja akifika kwake anajiuliza kama ni kitu kile kile.

Nieleze: kiti chako kiko hatua ngapi? Dirisha liko upande gani? Nikishajua hayo nitakuchagulia.

Kuja ni mwakani inshallah, mambo yakitulia.

Mwanao,
Zahran


Kiponda, Unguja
3 Februari 2008

Mwanangu,

Waalaykum salaam, na marahaba. Mwakani yako nimeiweka pamoja na zile nyengine. Sichana kajifungua mtoto wa kiume, kaitwa Mwalim, na sura yake kwangu bado ni kama andazi, watoto wachanga wote sawa. Maji ya bomba yanakuja siku moja moja.

Hatua unazouliza: zamani kiti changu kilikuwa hatua tano. Sasa nimekisogeza kiko hatua moja na nusu, magoti yanakaribia kugusa kabati. Dirisha liko kushoto. Haya mashindano ya Afrika ndiyo yananitia wazimu. Unajua napenda mpira, mpira hauhitaji masikio. Basi wachezaji nnawaona, mpira wenyewe siuoni! Nakaa nikitazama wanaume ishirini na wawili wanakimbizana kama wamepotelewa.

Nilimwita Usi, fundi wa redio wa Mkunazini. Kaifungua, kapuliza vumbi, kaiwasha, kaitazama weeee, halafu ananiandikia kwenye kikaratasi: "Bibi, picha safi. Tyubu bado kali." Nikamwambia basi macho yako ndiyo mabovu, toka. Kaondoka kanuna, na chai yake hakuimaliza.

Nina suala moja ambalo hukuniuliza. Kiti cha Ami yako kiko pale pale alipokiweka, ubavuni, karibu na mlango, kwa ajili ya upepo. Katika hizo zako mbili, ipi inayoonekana na mtu aliyekaa pembeni pale?

Unakumbuka ile ya kwanza, rangi zilipoingia Unguja? Watoto wa Kiponda nzima walikuwa wanajaa humu, viatu vimepangana ngazini hadi chini, na wewe siku moja ukashuka na kiatu chako kimoja na cha mwengine kimoja. Sasa kila mtu ana yake na mlango wake kaufunga. Sipati hata wa kumfukuza.

Shangazi yako,
Lamya


Ruwi, Maskati
10 Machi 2008

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Mwalim mpya apewe umri. Kiatu nakikumbuka. Kilikuwa cha kike.

Huyo Usi mwambie akasome tena. Mtu wa redio hajui tyubu. Mpira kutoonekana ni tyubu, sina shaka yoyote, wala usimpe tena chai.

Nshanunua. Usiulize bei. Ni LCD ya inchi thelathini na mbili, ya mwaka huu, nimeifunga mwenyewe kwa magodoro mawili. Abdulla anaileta kwa meli pamoja na mizigo yake. Mpira hauachi mkia, nimeijaribu kwa mechi tatu.

Ulilouliza la pembeni: plazma ndiyo inayoonekana kila kona ya chumba. LCD ukikaa ubavuni picha inapauka, na nyuso zinakuwa kama zimepakwa majivu. Nililipima hilo. Lakini Shangazi, tuseme kweli, unakaa peke yako na unakaa mbele. Kwa mtu mmoja, LCD ndiyo bora.

Mambo bado hayajatulia. Nitaandika.

Mwanao,
Zahran


Kiponda, Unguja
1 Juni 2008

Mwanangu Zahran,

Salamu. Sichana mzima, mwanawe kaota meno mawili. Utaniwia radhi kwa mistari kupanda na kushuka, naandikia kibatari.

Televisheni imefika tarehe 24 Mei, watu wawili wameipandisha ngazi. Bahati yangu hiyo. Umeme umekatika Unguja nzima tangu siku tatu kabla, na wanasema hautarudi mpaka wiki kadhaa. Basi liko boksi, kubwa, limesimama sebuleni, na mimi nimekaa mbele yake. Juzi nimeligonga nikaliambia "Hodi." Usicheke.

Zahran, barua yako ya Machi ilinichoma, na kwa kuwa giza halina haya nitakwambia. Nilikuuliza nani ataona kutoka kile kiti, ukanijibu unakaa peke yako. Nalijua hilo, mwanangu. Hakuna anayelijua kuliko mimi. Lakini nilikuwa nakuuliza wewe utakaa wapi. Umenichagulia televisheni ya mtu mmoja.

Mungu akuweke. Zawadi ni zawadi, na nakushukuru. Nangoja umeme.

Lamya


Kiponda, Unguja
25 Juni 2008

Zahran,

Umeme umerudi. Televisheni imewashwa. Picha nzuri mno, kila unywele unaonekana. Ahsante sana, umefanya kazi kubwa. Usijishughulishe tena na mimi.

Lamya


Ruwi, Maskati
17 Julai 2008

Shangazi yangu,

Shikamoo. Safari hii habari za watu sizitoi, utanisamehe.

Mistari sita, Shangazi. Wewe unayenieleza mpaka tambi zilivyochacha, umenipa mistari sita. Nikaisoma barua ile mara nne, kisha nikatafuta namba ya Usi nikampigia. Hakutaka kusema. Nikamwapisha. Akaniambia umemwita mara tatu, unamwambia asafishe kioo, televisheni mpya nayo ina ukungu ule ule, nayo nguo nyeupe zake ni rangi ya chai. Mara ya tatu ulimuuliza: "Na wewe unauona ukungu huu?" Alipokuandikia kuwa hauoni ukampa chai, ukamkataza asiniambie.

Nikatoa barua zako zote nikazipanga juu ya kitanda. Chumvi kwenye chai. Taa ya msikitini ina duara. Mtoto sura yake andazi. Kiti kutoka hatua tano mpaka moja na nusu. Na maandishi yako, Shangazi! Novemba yalikuwa madogo, ya kalamu ya chuoni. Juni herufi moja inakula nafasi ya tatu. Taa ya msikitini ina tyubu gani? Mimi ninayejiita mjuzi wa picha niliambiwa kila kitu, nikanunua televisheni. Fundi wa redio aliona kwa mara moja.

Nna hasira. Nna hasira na mimi, na nna hasira na wewe pia. Najua mila zetu, mtu wa ugenini haambiwi ugonjwa, asifadhaike. Ami aliumwa miezi mitatu. Barua zako tatu za wakati ule ninazo, na zote zinamalizikia "Ami yako anakusalimu." Nikapigiwa simu siku ya hitma, watu washakula wametawanyika. Nilimnunulia kofia, Shangazi, ilikuwa njiani. Na sasa unanifanyia vile vile, kila unywele unaonekana! Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Na mimi nikwambie langu, maana si haki wewe tu uumbuliwe. Mambo hayajatulia, mambo hayajatulia: mambo yametulia tangu zamani. Nauli ya mwaka huu nilikuwa nayo mkononi. Ndiyo hiyo televisheni. Nilijiambia hiyo ikifika, si lazima nifike mimi. Sikuja miaka yote hii kwa sababu naogopa kuingia chumba kile nikakuta kiti kitupu. Nikiwa huku, Ami bado kakaa mlangoni anapigwa na upepo. Kukuchagulia ile isiyoonekana pembeni, sijui, labda nilitaka pale pembeni pasiwe na mtu kabisa.

Nenda kwa daktari wa macho. Mchukue Sichana. Nakuomba kwa haki ya ulivyonilea, usinifiche hili. Kama giza linakujia, mimi nataka uwe umeniona kwanza.

Mwanao,
Zahran


Kiponda, Unguja
21 Agosti 2008

Mwanangu Zahran,

Waalaykum salaam warahmatullah. Tizama herufi zangu kwanza, kabla hujasoma. Umeziona? Haya, endelea.

Nimekuficha tena, lakini safari hii siku kumi tu, unisamehe. Barua yako ilinifika mwisho wa Julai, na sikuweza kuisoma. Nikampa Sichana aniandikie upya kwa herufi kubwa, ukurasa mzima mistari mitano, na yeye akawa anaandika huku analia, kaniroweshea karatasi. Asubuhi yake tukaenda. Daktari kanimulika, kamwambia Sichana, naye akaniandikia kwa herufi kubwa: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kumbe ukitazama kupitia mtoto wa jicho dunia nzima inakuwa rangi ya chai. Kaniuliza tangu lini, nikamjibu tangu televisheni iharibike. Kacheka sana, mwenye adabu mbaya yule.

Wamenifanyia la kulia tarehe 11. Niliogopa, Zahran, sitakudanganya tena. Mtu asiyesikia ukamfunga na jicho huyo umeshamzika. Nilikaa siku nzima namshika Sichana mkono, kila akitaka kwenda kunyonyesha namwambia bado. Kesho yake bandeji ikatolewa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kitenge chake, buluu, buluu ya kupiga kelele. Nikamwambia umekinunua lini? Kumbe anacho mwaka wa pili.

Ya Ami yako, una haki. Yeye ndiye aliyenikataza, kasema usimtoe mtoto kazini. Lakini mkono ulioandika "anakusalimu" ni wangu, na niliandika nikijua. Nilidhani nakukinga. Nimekunyima kumzika baba aliyekulea, na halina malipo hilo. Nisamehe. La macho sikukuficha kwa mila tu. Nilihofia ukijua televisheni yako haikunisaidia utajuta, na ukijuta hutaandika.

Nimemwomba radhi Usi. Nimempa ile ya chogo, maana ni nzima kabisa, masikini, imetukanwa bure. Na mpya yako, wallahi, Zahran, ni nzuri! Siku hizi wanaonyesha wale wanaokimbia mbio huko China, naona hadi jasho. Mpira nao nauona. Haukuota mkia.

Ila nikwambie na jengine. Nilipotoka hospitali nikaingia sebuleni na jicho jipya, sikuitazama televisheni. Nilikitazama chumba. Chokaa imebanduka ukuta mzima, utando wa buibui kutoka taa mpaka taa, na mikono yangu, subhanallah, hii ni mikono ya bibi yangu, imenifikaje? Na nafasi yote ile iliyobaki. Ule ukungu ulikuwa unanifichia. Nilikuwa naweza kujidanganya kuna mtu kakaa pale mlangoni, ana kanzu, kanyamaza tu. Wewe wamwona kutoka Maskati, na mimi nilikuwa namwona kutoka hatua moja na nusu. Sasa simuoni. Kiti ni kiti, na mmoja wa miguu yake umeliwa na mchwa.

Nimeketi nikalia, kisha nikamwita Usi atie mguu mpya. Halafu tumekitoa mlangoni tukakileta mbele, ubavuni mwa changu, mikono ya viti inagusana. Nikakaa changu, nikahamia chake, nikarudi changu. Kote picha ni ile ile, hakuna majivu. Basi kumbe si ya mtu mmoja. Wawili wakibanana inawatosha.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lipo, njoo ulikalie. Usinitumie kitu, usiniandikie mwakani. Jicho la kushoto litafanywa baada ya Ramadhani, nalo kama hukuja halina cha kutazama.

Jana walionyesha mechi. Goli likaingia, nikageukia kulia kusema "Umeliona?" kwa mazoea. Na kiti nacho nimekiona, mwanangu, vizuri kabisa.

Shangazi yako,
Lamya